Bega na mbega: kupima usikivu wa mtoto mchanga Moshi, na kima anavyoingia humo

Mtoto wa miezi miwili akisikia "pa, pa, pa" kutoka kwenye spika, baada ya dakika chache anachoka nayo. Geuza iwe "ba": anazinduka. Makaki, kima wa Asia, naye akifunzwa kuonyesha pale anaposikia sauti imebadilika, anaonyesha karibu mahali palepale. Kwa hiyo anayeingia kwenye kazi hii akiamini kwamba sikio la binadamu limeumbwa kwa ajili ya lugha ajiandae kusumbuliwa na kima tangu siku ya kwanza.

Tuanze na chenyewe kinachopimwa. "Pa" na "ba" hutenganishwa na muda. Midomo inapoachana, nyuzi za sauti kooni zinaweza kuwa zimeshaanza kutetema, zikaanza papo hapo, au zikachelewa kidogo. Muda huo hupimwa kwa milisekunde: zikitangulia tunaandika alama ya kutoa, zikichelewa tunaandika alama ya kujumlisha. Kwa Mmarekani, sauti yenye 20 ni "ba" na yenye 40 ni "pa". Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake walipima watoto wa mwezi 1 na wa miezi 4 kwa jozi za sauti zilizopishana kwa milisekunde 20. Jozi ya 20 na 40, inayovuka mpaka, iliwazindua. Jozi ya 60 na 80 haikuwazindua, ingawa pengo ni lilelile. Wengi wakahitimisha kwamba mtoto huja duniani na lugha masikioni.

Hitimisho hilo lilikaa miaka minne tu. Mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller walimfunza chinchilla, mnyama mdogo wa milima ya Andes wa jamii ya panya, kutenganisha "ta" na "da". Kisha wakampa sauti za katikati ambazo hakuwahi kufunzwa. Alizigawa karibu palepale wanapozigawa Wamarekani watu wazima. Kuhl akaendelea na Denise Padden kwa makaki: mwaka 1982 kwa mtetemo wa koo, mwaka 1983 kwa mahali pa kutamkia, yaani "ba", "da" na "ga". Makaki nao walikuwa wepesi wa kutofautisha penye mipaka kuliko katikati ya kundi.

Maelezo tunayoyaona yana nguvu zaidi ni haya. Matukio mawili ya sauti yakipishana chini ya milisekunde 20 hivi, sikio huyachukua kama kitu kimoja. Yakizidi hapo, sikio hujua lipi limetangulia. Hiyo ni tabia ya sikio la mnyama anyonyeshaye, haihusu lugha. Lugha ndizo zilizoweka mipaka yake pale ambapo sikio lilikuwa tayari na makali. Ni kama mfereji wa Kichaga: mchimbaji hakuumba mteremko, aliufuata.

Afrika Mashariki iliingia mapema kwenye hadithi hii, jambo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa mstari mmoja. Mwaka 1976 Lynn Streeter alichapisha kipimo cha watoto wa miezi 2 wa Kikuyu nchini Kenya. Kikuyu hakina jozi ya "b" na "p" kama ya Kiingereza. Watoto walitofautisha sauti zilizo upande wa mtetemo unaotangulia, ule wanaousikia nyumbani, na wakatofautisha pia 10 na 40, ambazo mama zao hawazitenganishi kwa midomo. Vyote viwili kwa pamoja: sikio tulilozaliwa nalo, na sikio ambalo tayari limeshaanza kufundishwa na nyumba.

Hapa ndipo mtafiti wa Moshi anapokutana na kosa la kwanza, na ni kosa linalofanywa na watu wenye shahada. Anapakua sauti za Kiingereza zilizotengenezwa Marekani, kutoka 0 hadi 60, anawapigia watoto wa Kiswahili. Lakini "b" ya Kiswahili haiko kwenye 0. Nyuzi za sauti zinatetema midomo ikiwa bado imefungwa, na wazungumzaji wengi huivutia hewa ndani kidogo wanapoiachia. Weka kiganja kooni useme "baba" taratibu: utausikia mngurumo kabla ya mlipuko. Kazi ya Kiswahili iko kushoto ya sifuri. Ukimpima mtoto wa Majengo au wa Ngaramtoni kwa sauti za Kiingereza, unampima kitu ambacho mama yake hakitamki, halafu unaandika kwamba mtoto "hatofautishi".

Sauti zitengenezwe hapahapa. Tafuta mwanamke wa hapa mwenye sauti tulivu, mwambie aseme kama anayembembeleza mtoto, si kama anayesoma taarifa ya habari. Kipaza sauti kikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo. Kikiwa mbele kabisa, pumzi ya "pa" itakipiga na kutoa mlio kama ngumi. Rekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, faili la WAV. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukidhani utasafisha baadaye, maana sauti hubanwa kabla haijakufikia, na kilichobanwa hakirudi. Kama hamna chumba kizuri, gari lililoegeshwa mbali na barabara, vioo vimefungwa na blanketi limetandazwa mbele, linashinda ofisi nyingi.

Mwambie aseme kila silabi kama mara 20, kisha uchague nne zinazofanana kwa urefu na kiimbo. Kwa nini nne, si moja nzuri kuliko zote? Kwa sababu sauti moja ikirudiwa mara mia, mtoto anaweza kushika kitu kisichohusika kabisa: mate yaliyobofya mdomoni, kiti kilicholia kwa mbali. Akipewa nne zinazobadilishana, hana budi kushika kile zinachoshirikiana.

Ukataji tunaufanya kwa Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Kata pale wimbi linapovuka sifuri, kisha inua na ushushe sauti kwa milisekunde 5 hadi 10 kwenye ncha. Usipofanya hivyo spika itatoa "tk" mwanzoni mwa kila silabi. Urefu wa silabi uwe karibu milisekunde 400. Kupunguza mtetemo unaotangulia ni hesabu rahisi: mwanamke anayezungumza kwa hezi 200 ana mzunguko mmoja kila milisekunde 5, hivyo ukiondoa mizunguko minne umepunguza 20. Ondoa mizunguko mizima. Nusu mzunguko huleta mkwaruzo.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata wazoefu. Irabu inayofuata "p" huanza na sauti ya juu kidogo kuliko inayofuata "b". Mtoto anaweza kuzinduka kwa sababu ya kiimbo, wala si kwa sababu ya konsonanti. Dawa yake: chukua irabu ya silabi moja, uibandike kwenye silabi zote.

Jozi gani zipimwe? Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. "Bega" na "mbega" hutenganishwa na pua tu. "Ng'" ya "ng'ombe" na "ng" ya "ngoma" ni jozi nzuri kwa mtoto wa miezi 10. "R" na "l" ni jozi yenye fitina: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Kabla ya kuitumia msikilize mama mwenyewe akizungumza dakika tano. Kama lugha yake ya kwanza haizitenganishi, mtoto wake hajasikia jozi hiyo nyumbani hata kama familia nzima "inaongea Kiswahili".

Sasa spika. Spika ya simu au ya kompyuta mpakato haitoi mawimbi ya chini. Mngurumo wa "b" unaotangulia uko kwenye hezi 150 hadi 250, na hapo spika ndogo ziko kimya. Yaani unaweza kutengeneza sauti kwa wiki nzima, kisha kifaa kikaifuta tofauti yenyewe uliyokuja kuipima. Tumia spika yenye koni ya angalau inchi 5, iweke mita 1 kutoka kwa mtoto, upime kwa kipimasauti pale kichwa cha mtoto kitakapokuwa, si pale ulipokaa wewe. Desibeli 65 zinatosha. Baada ya kuweka kila kitu, rekodi tena kutoka pale kilipo kiti cha mtoto, ufungue spektrogramu, yaani picha ya sauti, uangalie kama mstari mweusi wa chini, ambao ndio ule mngurumo, upo. Hatua hii inachukua dakika kumi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Chumba cha Moshi kina adui zake. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ikipiga bati hakuna kipimo, funga kazi unywe chai. Bodaboda ni shida ya sekunde chache, unaweza kurudia mara hiyo. Umeme ukikatika katikati ya hatua ya kuzoesha, mtoto huyo amekwisha kwa siku hiyo hata kama umeme umerudi baada ya dakika moja, kwa hiyo betri ya akiba ni lazima. Ratiba nayo ina miiba. Watoto hupata chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9, na huo mwezi wa 9 ndio umri tunaoutaka sana. Usimpangie mtoto siku ya chanjo wala kesho yake. Juni hadi Agosti, baridi ya mlimani ikishuka, mafua huwa mengi, na maji nyuma ya ngoma ya sikio humfanya mtoto mzima aonekane haisikii "ba". Tazama sikio kwanza. Kama kuna kile kifaa kidogo kinachopiga mlio sikioni na kunasa mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani, kitumie kwa kila mtoto. Aliyezaliwa kabla ya wakati, umri wake uhesabiwe kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mbinu hufuata umri. Chini ya miezi 4, ile ya Eimas ilikuwa ya kunyonya: mtoto ana chuchu ya plastiki iliyounganishwa na kipima msukumo, akinyonya kwa nguvu silabi inasikika, hamu ikishuka kwa asilimia 20 kwa dakika mbili mfululizo sauti inabadilishwa, kisha unatazama kama kunyonya kumepanda. Ni mbinu nzuri kwa karatasi. Huku, watoto wengi wananyonya ziwa moja kwa moja na nyonyo ya plastiki hawaitambui. Wanaitema, wanalia, na ukiwaondoa wote unabaki na kikundi kidogo cha watoto wa aina moja ya nyumba. Kwetu sisi kipimo cha macho kina faida zaidi: picha tulivu kwenye skrini, sauti inapigwa muda wote mtoto anapoitazama, akigeuza macho kwa sekunde 2 mara hiyo inakwisha. Wastani wa mara tatu za mwisho ukishuka chini ya nusu ya wastani wa mara tatu za kwanza, amezoea. Nusu ya watoto unawabadilishia sauti, nusu nyingine unaendelea na ileile. Bila hiyo nusu ya pili huna kipimo, kwa sababu mtoto anaweza kuamka tu kwa kuwa ameamka.

Kuanzia miezi 6 kipimo cha kugeuza kichwa ndicho kitamu. Mtoto anakaa mapajani kwa mama. Msaidizi upande wa kulia anamshughulisha na vikaragosi bila kelele. Kushoto kuna sanduku la kioo cheusi lenye mdoli anayepiga ngoma. Sauti ya msingi inarudi kila sekunde 2. Ikibadilika, na mtoto akigeukia sanduku ndani ya sekunde 4 hadi 6, taa inawaka na mdoli anapiga ngoma. Hiyo ndiyo zawadi yake. Nusu ya mara zote sauti isibadilike, ili ujue nani anageuka hovyo. Kigezo cha kawaida ni kupatia mara 8 kati ya 10 mfululizo. Kumbuka hesabu yake: anayebahatisha kwa nusu kwa nusu hufikia 8 au zaidi kati ya 10 kwa asilimia kama 5 na nusu. Ukimpa nafasi 25 za kutafuta hizo kumi nzuri, bahati inapanda juu ya hapo. Weka kikomo kabla hujaanza, usiongeze "mbili tu za mwisho" kwa sababu mtoto anapendeza.

Mama ndiye mashine nyeti kuliko zote chumbani. Sauti ikibadilika goti lake linakaza, pumzi inasimama kidogo, mtoto anahisi na anageuka. Kwa hiyo mama na msaidizi wote wavae hedifoni zenye muziki wa kuwaziba wasisikie silabi. Taarabu na kwaya zote zinafaa, ilimradi isiwe nyimbo zenye vituo virefu vya kimya. Akija bibi, shikamoo kwanza, maelezo baadaye, na hedifoni umvishe wewe mwenyewe baada ya kumwomba. Mabibi wana tabia ya kuisogeza sikio moja wasikie "mjukuu anaulizwa nini". Wana haki ya kujua. Wachezee sauti zote kabla, ndipo watatulia.

Anayebofya kitufe cha "amegeuka" asisikie sauti. Anayehesabu video awe na video bubu, isiyo na sauti. Mtu akijua sauti gani imepigwa, jicho lake litaona kichwa kimegeuka pale ambapo kiligeuka nusu. Hili si woga wa bure: mwaka 2010 makala ya mwaka 2002 kuhusu tamarini, vima wadogo wa Amerika Kusini, na uwezo wao wa kushika mfuatano wa silabi, ilifutwa na jarida lililoichapisha kwa sababu matokeo yaliyoandikwa hayakuwa na ushahidi kwenye video. Watu wawili, kila mmoja peke yake, wahesabu angalau robo ya video, na wakitofautiana waandike wametofautiana wapi. Na panga watoto wa ziada. Ukihitaji 16, alika 22: wengine watalala, wengine watalia, mmoja atapenda nyaya zako kuliko mdoli.

Ukishafanya haya yote, miezi 6 hadi 12 ndiyo yenye utamu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa Kanada wanaokuzwa kwa Kiingereza, wakiwa na miezi 6 hadi 8, hutofautisha "t" mbili za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii. Wakifika miezi 10 hadi 12 wengi wao wamezipoteza. "R" na "l" huenda hivyohivyo: mwaka 2006 Kuhl na wenzake waliripoti kwamba watoto wa Japani na wa Marekani walikuwa sawa kwenye miezi 6 hadi 8, kisha njia zikaachana. Mmarekani alipanda, Mjapani alishuka. Irabu hutangulia konsonanti. Mwaka 1992 ilionekana kwamba watoto wa miezi 6 wa Sweden na wa Marekani kila mmoja tayari anavutwa na irabu ya kwao, akisikia zilizo jirani nayo kana kwamba ni yenyewe. Na hapo ndipo makaki anapoachwa njiani. Mwaka mmoja kabla, Kuhl aliwapima watu wazima, watoto na makaki kwa mvuto huo: watu wazima na watoto walikuwa nao, makaki hakuwa nao. Mpaka anausikia. Kitovu cha kundi hana.

Toni nazo hupita mlango huohuo. Karen Mattock na Denis Burnham, mwaka 2006, walikuta watoto wa Kiingereza wanaopoteza wepesi wa toni kati ya miezi 6 na 9, huku wa Kichina wakibaki nao. Kwa mtoto wa Moshi hilo ni jambo la nyumbani: Kiswahili hakina toni za kubadilisha neno, lugha za Kichaga zinazo. Mtoto anayelelewa na bibi kule Kibosho na aliyeko mjini kwa wazazi wasemao Kiswahili tu hawawezi kuandikwa kwenye safu moja.

Si kila sauti ya kigeni hupotea. Mwaka 1988 Catherine Best, Gerald McRoberts na Nomathemba Sithole walipima mibofyo ya Kizulu, konsonanti za kubofya kwa ulimi: watoto wa Kiingereza wa miezi 14, na hata watu wazima, waliendelea kuitofautisha. Mbofyo uko mbali mno na konsonanti za kwao, hauna jirani wa kuumeza. Huhitaji kwenda Afrika Kusini kwa sauti za aina hii. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanabofya, na Wairaqw wa Karatu wana sauti za koromeo na konsonanti za kupasuka kwa koo lililofungwa. Mrekodi mzungumzaji mwenyewe, mlipe kwa kazi yake, usimwigize.

Wengi hutuuliza kwa nini tusiwapime tumbili, na Hifadhi ya Arusha iko jirani, mbega na kima wamejaa. Kwanza ni vibali: COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kwa wanyamapori TAWIRI, taasisi ya utafiti wao, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwa bahati hizi mbili za mwisho ofisi zao kuu ziko Arusha kwenyewe. Pili, na hili ndilo zito, kima wa porini akisikia sauti ya mtu haisikii "ba", anasikia mtu. Ng'ambo ya mpaka, Amboseli, Karen McComb na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba tembo hutofautisha sauti ya mwanamume wa Kimaasai na ya Mkamba, hujikusanya na kurudi nyuma kwa ile ya kwanza. Tumbili wa Moshi aliyewahi kupigwa mawe kwenye migomba naye ana hesabu zake na sauti za watu. Utapima hofu uiite fonetiki.

Kinachowezekana porini ni kuwapigia sauti za wao wenyewe. Huko huko Amboseli, chini ya Kilimanjaro, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha mwaka 1980 kwamba tumbili wana kilio cha chui, cha tai na cha nyoka. Spika ilifichwa, sauti ikapigwa bila mnyama hatari kuwepo. Kwa kilio cha chui walikimbilia mitini, kwa cha tai walitazama juu, kwa cha nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia majani. Kinachofanana na kazi yetu ni watoto wao: tumbili mchanga hulia kilio cha tai kwa ndege wasio na madhara, hata kwa jani linaloanguka, kisha mduara unabanwa kadiri anavyokua. Anayetaka kufanya hivyo awashe kamera sekunde 10 kabla ya sauti, asipige zaidi ya mara moja kwa kundi kwa siku, na spika aihamishe kila mara. Tumbili hujifunza haraka kwamba kichaka fulani ni mwongo.

Tusimdharau mnyama, hata hivyo. Mwaka 2000 Franck Ramus na wenzake walionyesha kwamba tamarini hutofautisha Kiholanzi na Kijapani, na sentensi zikipigwa kinyumenyume hawawezi tena, sawasawa na watoto wachanga wa binadamu. Sokwe aitwaye Panzee, aliyelelewa na watu, alitambua maneno hata yalipochakatwa yakabaki kama filimbi tatu. Hiyo ilichapishwa mwaka 2011. Panzee alikaa na watu waliozungumza naye tangu utotoni, na hilo linatuleta kwenye swali ambalo mama wa Moshi huuliza akishavua hedifoni: nimwekee mtoto katuni za Kiingereza mapema?

Mwaka 2003 Kuhl, Feng-Ming Tsao na Huei-Mei Liu waliwachukua watoto wa Marekani wa miezi 9 wakawapa Kichina kwa vipindi 12 vya dakika 25. Waliosomewa vitabu na kuchezeshwa na Mchina aliyekaa nao sakafuni walishika konsonanti za Kichina sawa na watoto wa Taiwan. Waliopewa watu walewale, vitabu vilevile, kwa video, hawakushika kitu. Waliosikia sauti peke yake pia hawakushika kitu.

Kwa hiyo dodoso letu la lugha haliulizi "nyumbani mnaongea lugha gani", maana jibu ni Kiswahili kila mara. Linauliza nani alimwogesha mtoto jana, nani alimlisha, nani alimbeba mgongoni, na kila mmoja alimsemesha kwa lugha gani kwa saa ngapi. Mara nyingi mwenye saa nyingi ni dada wa kazi, na Kinyaturu chake cha Singida anachomwimbia mtoto akifua nguo hakikutajwa na mzazi hata kidogo. Kichaga kiandikwe ni cha wapi, Machame, Vunjo au Rombo, kwa sababu sauti zake hazilingani. Runinga na redio vina safu yao pembeni, na saa zake hatuzijumlishi na za watu.